Maji ya Likizo

Kila familia ina uongo wake inaoupenda, na uongo wa familia hii ulipimwa kwa kamba.

Mwaka hadi mwaka, Jumatatu ya kwanza baada ya likizo ya wiki mbili, kabla mashine yoyote haijawashwa, wenye kampuni walikusanyika nyuma ya jengo la dobi, kwenye kibanda cha pampu, wakateremsha kisimani kamba yenye mafundo na jiwe mwishoni. Fundo moja, mita moja. Kamba ikipanda juu wanahesabu mafundo yaliyolowa, shangazi anaitamka namba kwa sauti, watu wanapiga makofi, kisha wanakwenda kunywa chai. Utaratibu huo aliuanzisha marehemu baba mwaka alioanza na mashine mbili za kufulia, na sababu yake ilikuwa ndogo tu: hiyo ndiyo siku pekee ambayo pampu ilikuwa imezimwa na yeye mwenyewe hana la kufanya. Baba akafariki. Mashine zikawa ishirini na mbili, wafanyakazi mia na kitu, mashuka ya hoteli na zahanati yakaingia kwa malori. Utaratibu ukabaki vilevile, ungedhani umeandikwa kwenye wosia.

Namba iliyopatikana ndiyo iliyoingia kwenye ripoti ya mwaka, ukurasa wa saba, chini ya maneno "Hali ya chanzo cha maji." Mita kumi na nane. Mwaka uliofuata, mita kumi na nane. Kuna mwaka fundo la mwisho lilitoka kavu, shangazi akalipapasa, akavuta pumzi, akasema, "Andikeni kumi na nane hiyohiyo, msimhuzunishe baba yenu huko aliko." Wakaandika. Hakuna aliyejiona mwongo siku hiyo. Walijiona watoto wenye adabu.

Katibu wa kampuni alikuwa kitinda mimba wa nyumba hiyo, mwanamke wa miaka thelathini na minne, aliyekuwa amerudi nyumbani mwaka huu tunaousimulia baada ya kuzitumikia ofisi za watu kwa miaka kumi. Wafanyakazi walimbatiza Bi Nukta katika wiki yake ya pili, pale aliporudisha barua ya kuomba ruhusa iliyokuwa na sentensi moja ya kurasa mbili, akiwa ameandika pembeni: "Mwandishi apumzike." Jina likamganda. Naye hakununa, alisema heri nukta kuliko alama ya kuuliza.

Kazi yake ilionekana ndogo. Aliita vikao, akaandika kumbukumbu, na mara moja kwa mwaka alitakiwa kutia saini chini ya ripoti, mahali palipoandikwa kwamba katibu anathibitisha yaliyomo ni kweli. Makatibu waliomtangulia walitia saini hiyo kama mtu anayepokea bahasha mlangoni. Bi Nukta alikuwa na tabia mbaya ya kusoma kwanza anachotia saini, na wenye tabia hiyo hawana raha duniani.

Ndiyo iliyompeleka kibandani Ijumaa moja alasiri, rasimu ya ukurasa wa saba mkononi. Fundi wa pampu alikuwa ameinama, sikio lake la kulia limegusa bomba, macho ameyafumba. Mzee huyo alipewa jina la Mzee Sikio kwa sababu alidai kwamba pampu huongea, na kwamba mwenye kuisikiliza hahitaji kuifungua.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuhakikisha namba ya maji."

"Marahaba, mwanangu." Hakuinuka. "Unataka ipi? Ya likizo au ya kazi?"

"Kwani ziko mbili?"

Mzee akajinyoosha polepole, mkono kiunoni. "Kisima kikipumzika wiki mbili kinajijaza. Ni kama mgonjwa aliyelazwa, akapata usingizi na uji, ukija kumtazama siku hiyo utasema huyu mzima kabisa. Ninyi mnampima siku hiyo. Mimi nampima Ijumaa jioni, anapotoka kazini."

Akatoa rafuni madaftari manne ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila mwaka ulikuwa na daftari lake, kila Ijumaa mstari wake, kwa kalamu ya risasi, mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Bi Nukta akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaanza kusoma. Daftari la kwanza, Ijumaa zilikuwa za mita kumi na tatu, kumi na mbili. La pili, kumi, tisa na nusu. La tatu, saba. Mstari wa mwisho wa daftari la nne ulikuwa wa wiki iliyopita: mita tano na robo.

"Pampu imekaa wapi?" akauliza.

"Mita tatu kutoka chini. Maji yakifika hapo, inaanza kunywa hewa. Na pampu ikinywa hewa, haifiki Jumamosi."

Bi Nukta hakuhitaji kikokotoo. Mwaka mmoja, pengine miezi kumi. Mwishoni mwa kila daftari kulikuwa na neno moja kwa wino wa bluu, "Nimeona," na saini anayoijua kuliko yake, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye risiti zake zote za ada ya shule. Saini ya kaka.

Hapo lazima tuseme ukweli juu ya kaka, maana ni rahisi kumchora pembe na mkia. Kaka hakuwa mtu mbaya. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyeacha masomo, akasomesha mdogo wake, akaikuta dobi ina mashine sita zinazovuja akaifikisha hapo ilipo. Alikuwa mkurugenzi mtendaji na mwenyekiti wa bodi kwa pamoja, si kwa tamaa, ila kwa sababu siku ile viti vyote viwili vilikuwa vitupu na yeye alikuwa amesimama karibu. Tatizo la mtu mmoja kukalia viti viwili ni kwamba akikosea kwenye kimoja, anayepaswa kumkemea kwenye cha pili ni yeye.

Ofisi yake ilikuwa ghorofani, na dirisha lake liliangalia sakafu ya kazi. Kutoka pale ungeona mikokoteni ya mashuka machafu ikiingia upande mmoja, mvuke katikati, na upande wa pili akina mama wakikunja shuka wawiliwawili, wanakutana, wanaachana, wanakutana. Bi Nukta akayaweka madaftari manne mezani.

Kaka aliyatazama bila kuyagusa. "Mzee huyu hajui kunyamaza."

"Amenyamaza miaka minne, kaka. Wewe ndiye uliyeandika 'nimeona.'"

"Kaa chini, mdogo wangu." Akasubiri akae. "Hospitali kuu imetangaza zabuni. Vitanda mia nane, miaka mitano. Wanataka ripoti ya mwaka iliyotiwa saini. Nikipata mkataba huo, benki inanipa fedha, nachimba kisima cha pili. Nikiandika mita tano, sipati mkataba, sipati benki, sipati kisima, na hiki kinakauka vilevile. Sasa niambie, ukweli wako utamsaidia nani?"

Hoja ilikuwa nzuri. Iliteleza vizuri kooni, na hicho ndicho kilichomtia wasiwasi.

"Hicho kisima cha pili, umepima kama maji yapo?"

"Yatakuwepo."

"Nani kasema?"

Kaka akaangalia dirishani. "Nipe wiki mbili. Nitafute namna ya kuliandika bila kutuua. Wewe ni dada yangu. Damu ni nzito kuliko maji."

"Ni nzito, kaka. Lakini hatufulii damu."

Kaka akacheka kwa dhati, naye akacheka, na kwa sababu walicheka pamoja, akampa zile wiki mbili. Hilo ndilo kosa lake, na asije mtu akamtetea. Katika wiki hizo kaka aliajiri watu wapya kumi na mmoja kujiandaa na mkataba. Bi Nukta ndiye aliyeandika barua zao za ajira. Mmoja aliacha kazi ya miaka sita kwingine, alimshika mkono katibu kwa mikono yake miwili akasema, "Mungu awazidishie." Katibu akaitikia amina, na madaftari yakiwa kwenye mkoba uleule alioubeba begani.

Usiku wake haukuwa na usingizi wa maana baada ya hapo. Aliona aibu, aibu hasa, ya kumpandisha mtu joto la masikio. Wiki ya tatu ilipoanza, aibu ikageuka kuwa uamuzi. Kaka alikuwa ameleta ukurasa wa saba mpya. Ulisema: "Chanzo cha maji kinaendelea kuwa cha kuridhisha."

Jumatano ikawa kikao cha bodi. Bodi yenyewe ilikuwa ya watu watatu: kaka, shangazi, na wifi. Wifi, mke wa kaka, aliingia humo kwa sababu sheria inataka wajumbe watatu na siku ya kuandikisha walikuwa wamepatikana wawili tu, naye alikuwa sebuleni. Alikuwa mwanamke mwema, na miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kunyanyua mkono kabla ya mumewe. Shangazi, dada wa marehemu baba, alikuwa na miaka sabini na mbili, miwani yenye kamba, na masikio ya kusikia lile tu alilolitaka.

"Ukurasa wa saba," Bi Nukta alisema. "Sitauthibitisha ulivyo."

Akawasomea madaftari. Aliyasoma Ijumaa kwa Ijumaa, bila kuongeza sauti wala kuipunguza, na ilichukua dakika ishirini. Kaka alimwacha amalize. Alikuwa mwenyekiti mwenye adabu.

"Sasa tuseme tumeandika hivyo," kaka akasema. "Hospitali wakasoma. Mtu gani atampa nguo zake dobi asiye na maji?"

"Mtu gani atamwamini dobi aliyemficha?"

"Watajuaje?"

"Siku shuka zitakapokosekana wodini, watajua bila kusoma."

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akairudisha. "Wewe mtoto, unataka kusema tulimdanganya marehemu kaka yangu?"

"Hapana, shangazi. Babu yetu na baba walikuwa wakisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nasema hiki kisima kinaumwa, na sisi tunakipima siku kimetoka kulala."

"Tupige kura," kaka akasema. "Ripoti itoke kama ilivyo." Mkono wake ukapanda, wa wifi ukaufuata kama kivuli. Shangazi hakunyanyua mkono, lakini hakupinga pia. Aliutazama mkono wake ukiwa mezani kana kwamba ni wa mtu mwingine. Wawili kati ya watatu. Imepita.

"Nimeandika kura," Bi Nukta akasema. "Na mimi sitatia saini. Jumamosi ni mkutano mkuu wa wanahisa. Wakiniuliza kwa nini ripoti haina saini, nitawajibu."

"Mdogo wangu." Kaka aliongea polepole sana. "Ukifanya hivyo, usitarajie kubaki kwenye kiti hicho."

"Sitarajii, kaka."

Alitoka, akashuka ngazi. Alikipenda kiti kile, alimpenda kaka yake, na hakuwa na kazi nyingine ya kuikimbilia. Lakini alipofika chini, kwenye joto na harufu ya sabuni, aligundua kwamba anapumua vizuri kuliko wiki tatu zote zilizopita.

Marehemu baba alikuwa amefanya jambo moja ambalo familia ililikumbuka kwa kuguna: aliacha hisa thelathini katika kila mia kwa wafanyakazi. Kaka alikuwa na thelathini, shangazi ishirini, Bi Nukta ishirini. Kura za wafanyakazi zilishikwa na mkuu wa sehemu ya pasi, mama mwenye mikono iliyokomaa kwa joto, aliyeitwa Mama Mvuke. Kila mwaka alikuja mkutanoni, akala keki, akanyanyua mkono kwa ndiyo, akarudi kwenye pasi yake. Hakuwahi kuuliza swali kwa sababu hakuwahi kupewa kitu cha kuulizia.

Jumamosi mkutano ulifanyika kwenye chumba cha kukunjia, meza ndefu imeondolewa mashuka, viti vya plastiki vimepangwa. Wafanyakazi waliokuwa zamu walisimama nyuma. Kaka aliendesha ajenda kwa haraka ya mtu anayevuka barabara. Wateja wapya. Matengenezo ya boila. Ripoti ya mwaka. Akasema, "Kama hakuna maswali, tupitishe."

Mama Mvuke alikuwa amefungua nakala yake, anaifuata kwa kidole hadi mwisho. "Naomba kuuliza. Hapa chini miaka yote huwa pana saini ya katibu. Leo pako wazi. Au mashine ya kuchapia imeruka?"

Bi Nukta akasimama.

"Haikuruka. Sikutia saini kwa sababu ukurasa wa saba hausemi kweli. Unasema maji yanaridhisha. Ijumaa iliyopita, mashine zikiwa kazini, kisima kilikuwa na mita tano tu. Miaka minne iliyopita siku kama hiyo kilikuwa na kumi na tatu. Kikifika tatu, pampu inakufa. Tukiendelea hivi tuna miezi minane au tisa. Tukichukua mkataba wa hospitali kama ulivyo, tuna mitatu."

Akawasomea namba, mwaka kwa mwaka. Nyuma kabisa, Mzee Sikio alikuwa ameinamisha kichwa, akifuatisha kwa midomo bila sauti, maana alizijua kwa moyo. Wale wapya kumi na mmoja walisimama pamoja karibu na mlango.

Mama Mvuke alisubiri amalize. "Na mkurugenzi," akasema, "alijua?"

Hili Bi Nukta hakuwa ameliandika popote. Kwenye karatasi zake zote alizojiandalia aliandika namba, akaliacha jina. Alijiambia kwamba namba inatosha, kwamba hakuna haja ya kumvua mtu nguo mbele za watu. Sasa swali lilikuwa hapo, limekaa, linasubiri, na kaka yake alikuwa anamwangalia kwa macho yaleyale aliyomwangalia nayo alipokuwa anampeleka shule siku ya kwanza.

"Alijua," akasema. "Tangu daftari la kwanza. Ameandika kila mwaka kwamba ameona. Na mimi nimejua wiki tatu. Katika wiki hizo nimeandika barua za ajira za watu kumi na mmoja na sikuwaambia. Wako pale mlangoni. Hilo ni langu, si la kaka."

Mwanamke aliyeacha kazi ya miaka sita alimtazama Bi Nukta, na hakukuwa na mungu-awazidishie kwenye uso wake.

"Ni kweli," kaka akasema hatimaye. "Yote." Alieleza habari ya kisima cha pili, benki, vitanda mia nane. Hakulia wala hakujikaza. Alieleza kama mtu anayetua mzigo ambao mikono imekufa ganzi kuubeba. Alipomaliza, Mzee Sikio akanyanyua mkono nyuma kule, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona.

"Mimi si mwenye hisa nyingi," akasema, "lakini kila siku nasikia maji ya suuza ya mwisho yakienda mtaroni. Yale ni masafi kuliko maji ya kwanza ya kufulia. Yakirudishwa kwenye tangi, yakafulia mzigo unaofuata, kisima kinapunguziwa theluthi ya kazi. Niliandika hilo pia. Daftari la pili."

Watu wakacheka, kicheko cha watu waliochoka kuogopa. Bi Nukta alifungua daftari la pili. Lilikuwa limeandikwa, na pembeni yake, kwa wino wa bluu: "Nimeona."

Mama Mvuke hakucheka. "Mkurugenzi ni mchapakazi, hakuna wa kumbishia humu. Sisi hatutaki aondoke. Lakini aliyekuwa anatakiwa kumwuliza kuhusu haya madaftari ni mwenyekiti, na mwenyekiti ni yeye. Mtu hawezi kujiuliza akajijibu. Napendekeza kiti kimoja akiache. Akae mtu mwingine."

Wakapiga kura. Hisa thelathini za wafanyakazi zikasema ndiyo. Kaka, kwa uaminifu wake, akasema hapana, thelathini. Shangazi akasema kwamba yeye ndiye aliyewaambia waandike kumi na nane mwaka ule wa fundo kavu, na kwa hiyo hana uso wa kumhukumu mtu, hatapiga. Macho yote yakamgeukia katibu, ambaye alikuwa ameshika kalamu akihesabu, na ambaye alikuwa na hisa ishirini.

Alinyanyua mkono wake na kuuacha juu mpaka alipokuwa na hakika kwamba kaka ameuona. Kisha akaushusha, akaandika hesabu: hamsini kwa thelathini.

Uenyekiti alipewa shangazi, kwa sharti lake mwenyewe kwamba namba ya Ijumaa ibandikwe getini kila wiki, kwa maandishi ya kusomeka na mwenye macho mabovu kama yeye. Ripoti iliandikwa upya siku hiyohiyo. Bi Nukta aliitia saini. Kaka pia aliitia saini, akaikunja, akaondoka bila kumuaga, na Jumapili yote simu yake haikupokelewa.

Jumanne asubuhi alionekana getini amevaa suti, ripoti kwapani, akaenda hospitali peke yake. Saa tano alirudi. Hakupanda ghorofani. Alimwomba msimamizi azime mashine, na mashine za dobi ile hazizimwi saa tano, kwa hiyo watu walitoka kila kona na sabuni mikononi. Bi Nukta alishuka na daftari la kumbukumbu akiwa na hofu moja tu: kwamba atasikia sasa kitu lainilaini, kama kile cha "kuridhisha."

Kaka alisimama kwenye chumba cha kukunjia, mgongo kwenye rundo la mashuka.

"Nimetoka kwa afisa ununuzi," akasema. "Tulikuwa wawili tu ofisini, yeye na mimi. Ninayowaambia, hakuna mwingine ambaye angeweza kuwaambia."

Akavua koti la suti, akaliweka juu ya mashuka.

"Jina letu walilikata mwezi uliopita. Kabla ya mkutano, kabla ya ripoti hii. Mtaalamu wao wa maji alisoma ripoti zetu za nyuma nilizoambatanisha na maombi, akaona kumi na nane, kumi na nane, kumi na nane. Amenionyesha alichoandika pembeni: kisima kinachofanya kazi hakiwezi kukaa miaka minne bila kushuka hata kidole, hawa ama hawapimi ama wanadanganya. Mkataba ambao kwa ajili yake niliuficha ukweli, tumeukosa kwa sababu niliuficha."

Mtu mmoja akaguna. Kaka akangoja mguno uishe.

"Nikamwachia ripoti mpya. Aliisoma yote nikiwa nimesimama. Atatupa wodi mbili za majaribio, vitanda sitini, na kila Ijumaa tumpelekee namba ile ya getini. Ikishuka bila sisi kusema, basi. Vitanda sitini si mia nane. Kati ya wenzetu wapya kumi na mmoja, nina kazi ya wanne. Saba nitaongea nao leo, mmoja mmoja, mimi mwenyewe."

Mwanamke aliyeacha kazi ya miaka sita akatazama sakafu. Mama Mvuke akajifuta mikono kwenye aproni. "Sitini tutavimudu," akasema, akarudi kwenye pasi, na wengine wakaanza kurudi mmoja mmoja, hadi wakabaki ndugu wawili na rundo la mashuka.

Bi Nukta alikuwa hajaandika hata neno. Alijua kwamba hakuna sheria inayomlazimu. Hiki hakikuwa kikao, na kaka yake alikuwa tayari amejivua vya kutosha kwa wiki moja.

"Niandike, kaka?"

Kaka alivuta kiti cha plastiki, akakaa kando yake, karibu kiasi cha kuiona karatasi.

"Andika," akasema. "Na hiyo ya jina letu kukatwa ianze."